Uzi maalumu: Yamato, jina la bonde lililofika hadi kwenye mawe ya Mirihi

Mleta uzi:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Jina ninaloomba tulijadili ni Yamato. Nililikuta mara tano katika wiki yangu ya kwanza mkoani Nara, nilikokwenda kusoma, na kila mara lilikuja na sura nyingine. Jioni ya kwanza nilirudi chumbani nikakuta kikaratasi ndani ya sanduku la barua, kimechorwa paka mweusi aliyembeba mtoto wake kwa meno, na maelezo kwamba mzigo wangu uliletwa nikiwa sipo, hivyo nichague saa ya kuletewa tena. Kampuni iliyouleta inaitwa Yamato. Asubuhi yake nilibadilisha treni katika kituo cha Yamato-Saidaiji. Dukani nikanunua majani yaliyoandikwa chai ya Yamato, na kando yake palikuwa na viazi vikuu vyeusi vya mviringo ambavyo muuzaji aliviita yamato-imo. Darasani mwalimu wa fasihi alitamka maneno "moyo wa Yamato" kwa heshima kubwa, na tulipokuwa tukitoka, mwanafunzi mwenzangu kutoka Okinawa akaniambia kwa upole kwamba kwao Yamato ni watu wengine.

Maneno hayo ya mwisho hayakunitoka. Tangu siku ile, kila ninapoliona jina hili, hujiuliza kwanza: hapa Yamato imewekwa mbele ya nani? Kwa maana ni jina ambalo mara chache husimama peke yake. Karibu kila matumizi yake yalizaliwa pale ambapo watu walihitaji kusema "hiki ni chetu" kwa kuwa kingine, cha wengine, kilikuwa kimesimama kando. Nitaeleza kwa kadiri ninavyolifahamu, na maswali nitayajibu humu humu.

Tuanze na ardhi. Kabla ya kuwa kitu kingine chochote, Yamato lilikuwa jina la mahali. Ukipanda kilima cha Amakashi katika kijiji cha Asuka, ambacho kina mwinuko wa mita 148 tu, unaliona bonde: mashamba ya mpunga, mapaa ya vigae, na katikati yake vilima vitatu, Unebi, Miminashi na Kagu, ambavyo washairi wamevitaja kwa zaidi ya miaka 1,300. Hata kile kirefu kuliko vyote, Unebi, hakifiki mita 200, na mgeni anaweza kuvipita bila kugeuza shingo. Wengi hulieleza jina lenyewe kwa kuligawa mara mbili, kwamba "yama" ni mlima na "to" ni mahali au mlango. Wanaisimu hawajakubaliana kuhusu kipande hicho cha pili, lakini mtu aliyesimama juu ya Amakashi akaona jinsi milima ilivyolizingira bonde pande zote haoni ajabu kwamba maelezo hayo yanapendwa.

Upande wa mashariki wa bonde umesimama mlima Miwa, ambao wenyeji huuabudu wenyewe kama mwili wa mungu, kiasi kwamba hekalu la Omiwa lililo chini yake halina jengo la ndani la kumweka mungu huyo. Waumini husali wakiuelekea mlima. Karibu na hapo kuna kaburi la kale liitwalo Hashihaka, kilima kilichojengwa kwa mikono chenye umbo la tundu la ufunguo na urefu wa mita 280 hivi, ambalo ni miongoni mwa makaburi makubwa ya kwanza ya aina hiyo nchini Japani. Simulizi ya kale inasema humo amelazwa binti wa kifalme ambaye jina lake refu linaanza na neno Yamato. Aliolewa na mungu wa Miwa, ambaye alimjia usiku tu. Alipomwomba amwone mchana, mume akamwambia atazame ndani ya kisanduku chake cha vitana asubuhi, ila asishtuke. Akatazama, akakuta nyoka mdogo mzuri, akapiga kelele. Mume akaona amefedheheshwa, akapaa kuelekea mlimani, na yule binti akaketi kwa majuto, akachomwa na kijiti cha kulia chakula, akafa. Kaburi, simulizi inaendelea, lilijengwa mchana na watu na usiku na miungu, na watu walijipanga mstari mrefu wakipokezana mawe mkono kwa mkono kutoka mlima mwingine. "Hashi" ni vijiti vya kulia, na "haka" ni kaburi.

Watawala waliozikwa katika vilima kama hivyo ndio waliolitoa jina bondeni. Kuanzia karne ya 3 na ya 4 walipanua mamlaka yao, na makaburi ya umbo la tundu la ufunguo yakaenea pamoja nao. Kubwa kuliko yote liko Sakai, karibu na Osaka, na lina urefu wa karibu mita 500. Jina lilikua kwa kadiri mamlaka yalivyokua: kwanza sehemu ya bonde, kisha jimbo zima ambalo leo ni mkoa wa Nara, na hatimaye nchi nzima. Hatua hiyo ya mwisho inaonekana katika shairi moja la kale linalonasibishwa na Mfalme Mkuu Jomei wa karne ya 7. Mfalme anapanda kilima cha Kagu kuitazama nchi yake, anaona moshi ukipanda kutoka uwandani na shakwe wakiruka juu ya maji, kisha anaisifu "nchi ya Yamato, kisiwa cha kereng'ende". Nilipanda kilima hicho. Kina mita 152, na bahari haionekani kutoka pale. Wapo wanaosema maji yale yalikuwa bwawa, na huenda ni kweli. Ila mimi naona kwamba mtawala yule alikuwa amesimama bondeni akitazama kitu kikubwa kuliko bonde, na jina Yamato katika mstari wake wa mwisho limeshabeba visiwa vyote.

Mleta uzi (mwendelezo):

Sasa niingie katika maandishi, sehemu ambayo naiona tamu kuliko zote, kwa hiyo wasomaji wangu wanivumilie.

Yamato huandikwa kwa herufi mbili, 大和. Ya kwanza ina maana ya "kubwa", ya pili "amani" au "upatanifu". Mtu akijifunza Kijapani kwa kufuata sauti za kawaida za herufi hizo atasoma "Daiwa", na hatakuwa amekosea kabisa, kwani zipo kampuni kubwa, moja ya hisa na nyingine ya ujenzi wa nyumba, zinazoandika hivyohivyo na kutamka Daiwa. Lakini mahali pengi hutamkwa Yamato, ingawa hakuna herufi hata moja kati ya hizo mbili yenye sauti "ya", "ma" wala "to". Sauti ni ya kale, na maandishi yamevishwa juu yake baadaye kama vazi.

Vazi hilo lilibadilishwa zaidi ya mara moja. Wachina walikuwa wakiwaita watu wa visiwa hivyo Wa. Muhuri wa dhahabu uliochimbuliwa mwaka 1784 katika kisiwa cha Shikanoshima, Fukuoka, unalitaja jina hilo, na unaaminika kuwa ndio ule ambao kumbukumbu za Kichina zinasema mfalme wa China alimpa mjumbe kutoka huko mwaka 57. Herufi waliyoitumia, 倭, wasomi wa Japani baadaye waliiona haina heshima. Hata hivyo, kwa muda mrefu watu wa Yamato wenyewe waliandika jina lao kwa herufi hiyo ya kupewa na jirani, wakiongeza mbele yake ile ya "kubwa". Mwaka 713 serikali iliagiza majina ya majimbo yaandikwe kwa herufi mbili zenye maana njema. Mwaka 737 Yamato ikaandikwa kwa herufi tatu zenye maana ya "kulea wema mkuu", mwaka 747 ikarudishwa kama zamani, na mwaka 757 ndipo herufi isiyo na heshima ilipoondolewa na mahali pake ikawekwa 和, ambayo nayo husomwa "wa" lakini ina maana ya amani. Sauti ya jirani ilibaki, maana yake ikageuzwa.

Tangu hapo kipande hicho cha "wa" kimezaa ukoo mkubwa. Chakula cha Kijapani ni washoku, mavazi ni wafuku, karatasi ya kutengenezwa kwa mikono ni washi, vitafunio vitamu ni wagashi, shairi la jadi ni waka. Jina la enzi ya sasa ya kifalme, Reiwa, lililoanza tarehe 1 Mei 2019, limebeba herufi hiyohiyo, na enzi ya Showa iliyoanza mwaka 1926 ilikuwa nayo pia. Kwa hiyo Mjapani anapoagiza chumba cha hoteli na kuulizwa kama anataka cha mtindo wa "wa" au cha kimagharibi, anayejibu anaitumia nusu ya jina Yamato bila kulitamka.

Mchangiaji kutoka Pangani:

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo haya. Naomba kuuliza jambo moja. Hapa kwetu tunasema kuku wa kienyeji, mbegu za kienyeji, na kwa upande wa pili tuna bata bukini, yaani bata aliyehusishwa na Bukini, nchi ambayo leo tunaiita Madagaska. Je, Wajapani nao hutumia Yamato kwa namna hiyo, kama sisi tunavyotumia "kienyeji"?

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Pangani, umeligusa kwa usahihi, na mfano wako wa bata bukini nitauchukua moja kwa moja.

Katika karne za 9 hadi 12, wakati makao makuu yalipokuwa Kyoto, watu wa ikulu walizungukwa na vitu vya Kichina: vitabu, michoro, hariri, vinanda, sheria. Kila kilichotoka huko kiliitwa "kara", yaani cha China, na ndipo vya nyumbani navyo vilipohitaji jina. Mchoro wa mandhari ya China uliitwa kara-e, na mchoro wa milima, misimu na desturi za nyumbani ukaitwa yamato-e. Kinanda cha nyuzi sita kinacholazwa chini, chenye asili ya visiwani humo, kikaitwa yamato-goto ili kitofautishwe na vile vilivyovuka bahari. Shairi lililotungwa kwa Kijapani liliitwa yamato-uta, wimbo wa Yamato, kwa kuwa bila kivumishi neno "shairi" lilimaanisha shairi la Kichina. Kwa hiyo "kara" ndiyo bukini yao, na "yamato" ndiyo kienyeji yao. Tofauti ni kwamba neno letu "kienyeji" wakati mwingine hubeba dharau kidogo, kama vile kitu hakijaboreshwa, ilhali yamato daima lilibeba fahari.

Dibaji ya mkusanyiko wa mashairi wa mwaka 905, iliyoandikwa na mshairi Ki no Tsurayuki, inaanza kwa maneno hayo: wimbo wa Yamato una mbegu yake katika moyo wa mwanadamu, na huchipua kuwa majani ya maneno yasiyohesabika. Picha hiyo imo ndani ya lugha yenyewe, maana neno la Kijapani kwa "neno", kotoba, limejengwa kwa "koto", jambo lisemwalo, na "ha" ambayo huandikwa kwa herufi ya jani. Mpaka leo maneno ya asili, yasiyokopwa kutoka Kichina wala lugha za Ulaya, huitwa yamato-kotoba. Wajapani husema kwamba barua ya rambirambi au hotuba ya harusi huingia moyoni zaidi ikisheheni maneno hayo, nami niliposikiliza niliona kweli: sentensi huwa laini, ndefu kidogo, yenye irabu nyingi, na msikilizaji hutulia.

Wanasayansi wa viumbe nao waliurithi utaratibu huo, kwani spishi nyingi ambazo jina lake la kisayansi lina neno "japonica", yaani ya Japani, kwa Kijapani hupewa Yamato mwanzoni. Kome mdogo anayevuliwa katika ziwa Shinji kwa ajili ya supu ya asubuhi ni yamato-shijimi. Ajabu ni kwamba kipepeo mdogo wa samawati anayeruka juu ya nyasi za mitaani naye ni yamato-shijimi, kwa jina lilelile, bila undugu wowote na kome. Hata mende wa asili ya visiwani, si yule aliyeletwa na meli, huitwa mende wa Yamato.

Mchangiaji kutoka Mvita:

Asante sana, kaka. Mimi nimewahi kusikia "Yamato nadeshiko" likitumiwa kumsifu mwanamke, na pia nimesikia "roho ya Yamato" ikitajwa pamoja na vita. Naomba utueleze yote mawili, na kama kuna uhusiano kati yake.

Mleta uzi:

Dada, la kwanza ni jepesi kulieleza. Nadeshiko ni ua dogo la rangi ya waridi hafifu, ambalo ncha za petali zake zimechanika kama uzi wa pindo, nalo huota kandokando ya mito. Lilipokuja ua la jamaa yake kutoka China, la kienyeji likaongezewa Yamato, na baadaye jina likahamia kwa mwanamke anayeonekana mpole kwa nje na imara kwa ndani. Wanawake wengi wa Japani leo hawapendi kupimwa kwa kipimo hicho, na nawaelewa. Lakini timu yao ya taifa ya mpira wa miguu ilichukua nusu ya jina, ikajiita Nadeshiko Japan, na mwaka 2011, miezi minne baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi, ikatwaa Kombe la Dunia kwa kuifunga Marekani kwa penalti. Nadhani wachezaji wale walilifanyia jina hilo jambo jema kuliko washairi wengi.

La pili linahitaji uangalifu. Roho ya Yamato, yamato-damashii, inaonekana kwanza katika riwaya ya Murasaki Shikibu ya mwanzoni mwa karne ya 11, mahali ambapo mhusika mkuu, Genji, anaeleza kwa nini anampeleka mwanawe chuoni badala ya kumpa cheo kikubwa mara moja. Hoja yake ni kwamba elimu ya Kichina ndiyo msingi, na juu ya msingi huo roho ya Yamato hufanya kazi vizuri zaidi duniani. Maana yake hapo ni busara ya maisha, uwezo wa kuitumia elimu ya kitabuni katika hali halisi ya nyumbani. Hakuna upanga wala damu mahali popote katika sentensi ile, na aliyeiandika alikuwa mwanamke.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1790, msomi Motoori Norinaga aliandika beti fupi kwenye picha yake mwenyewe: mtu akiuliza moyo wa Yamato ni nini, jibu ni maua ya mcheri wa mlimani yanayong'aa katika jua la asubuhi. Nimelisoma shairi hilo mara nyingi na sijaona ndani yake chochote zaidi ya mtu anayependa maua. Lakini mnamo Oktoba 1944, jeshi la majini lilipounda vikosi vya kwanza vya marubani wa kujitoa mhanga kule Ufilipino, vikosi vinne vilipewa majina yaliyochukuliwa kutoka katika maneno ya shairi hilo: Shikishima, Yamato, Asahi na Yamazakura. Vijana wenye umri wa miaka ya ishirini walirushwa wakafe chini ya majina yaliyotoka kwenye beti kuhusu maua. Hakuna mahali pengine ambapo nimeona jina likitumiwa vibaya kuliko hapo, na nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu kosa halikuwa la jina wala la mshairi.

Vita hivyo pia vilikuwa na manowari Yamato. Ilijengwa katika mji wa Kure, ikaanza kazi tarehe 16 Desemba 1941, ikiwa na urefu wa mita 263 na mizinga tisa ya kipenyo cha sentimita 46, mikubwa kuliko yoyote iliyowahi kufungwa kwenye manowari. Utaratibu ulikuwa kuzipa manowari kubwa majina ya majimbo ya kale, na pacha wake aliitwa Musashi, jimbo ambalo ndani yake uko mji wa Tokyo. Ndani ya meli mliwekwa madhabahu ndogo iliyochukuliwa kutoka hekalu la Oyamato katika mji wa Tenri, mkoani Nara. Tarehe 7 Aprili 1945, ikiwa njiani kuelekea Okinawa bila ndege za kuilinda, ndege za Marekani ziliizamisha, na takriban watu 3,000 wakafa nayo. Waliokufa wanakumbukwa katika hekalu lile la Tenri. Nilifika siku ya mvua; njia ya kuingilia ni ndefu, miti mirefu pande zote mbili, na mzee mmoja mwenye mwavuli aliinamisha kichwa mbele ya jengo dogo la kumbukumbu, akakaa hivyo mpaka nilipoondoka.

Mchangiaji kutoka Mvita:

Umesema manowari hiyo ilikuwa inaelekea Okinawa, na mwanzoni ulisema mwenzako wa Okinawa alikuambia kwamba kwao Yamato ni wengine. Je, watu wa Okinawa si Wajapani?

Mleta uzi:

Ni raia wa Japani, lakini historia yao ni yao. Visiwa vyao vilikuwa ufalme wa Ryukyu, uliofanya biashara na China na nchi za kusini. Mwaka 1609 ukoo wa Satsuma kutoka kisiwa cha Kyushu uliuvamia ufalme huo, na mwaka 1879 serikali ya Japani ya enzi ya Meiji iliufuta na kuufanya mkoa. Katika lugha yao wanajiita Uchinanchu, na mtu wa visiwa vikuu ni Yamatunchu, mtu wa Yamato. Shuleni, mtoto aliyekutwa akizungumza lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, na kibao hicho kilibaki kwake mpaka amkamate mwingine akifanya kosa hilohilo. Wako wasomaji wa uzi huu, hasa waliosoma Kenya, ambao hawatahitaji kuelezwa zaidi. Katika mapigano ya mwaka 1945 zaidi ya watu 200,000 walikufa Okinawa, wakiwemo raia wengi. Kwa hiyo mwenzangu aliposema Yamato ni watu wengine, alikuwa ananiambia upande aliokuwa amesimama tangu utotoni, na alilisema bila chuki.

Kaskazini nako kuna Waainu, ambao bunge la Japani liliwatambua rasmi kuwa watu wa asili mwaka 2008, na sheria ya mwaka 2019 ikaandika hivyo. Neno "watu wa Yamato" kwa maana ya kabila lilipata nguvu pale dola ilipohitaji kutofautisha walio wengi na hawa wa kusini na kaskazini. Shujaa wa kale Yamato Takeru anafaa kukumbukwa hapa. Kitabu cha mwaka 712 kinasimulia kwamba aliitwa Ousu, akatumwa kuwaua wakuu wawili wa Kumaso, watu wa kusini walioipinga ikulu, nao walikuwa ndugu. Akavaa nguo za kike, akaingia karamuni, akamuua wa kwanza, na yule wa pili, akiwa anakata roho, ndiye aliyempa jina jipya, Yamato Takeru, shujaa wa Yamato. Jina alipewa na adui aliyeshindwa. Mwandishi wa kitabu cha pili, cha mwaka 720, aliliandika jina hilohilo kwa herufi zile ambazo leo tunazisoma Nihon, yaani Japani, chimbuko la jua, huku msomaji akitakiwa bado atamke Yamato. Sidhani kuna mahali panapoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi bonde na dola vilivyokuwa vimekwisha kuwa kitu kimoja katika kalamu ya ikulu.

Mchangiaji kutoka Pangani:

Baada ya vita jina hilo halikuachwa? Nchi nyingi zingelifuta.

Mleta uzi:

Halikuachwa, kwa sababu lilikuwa limeshika mizizi mahali pengi ambapo vita havikufika. Mkoani Kanagawa kuna jiji la Yamato lisilo na uhusiano na bonde la Nara: mwaka 1889 vijiji kadhaa viliunganishwa, wakazi wakavutana, na mwaka 1891 wakachagua jina lenye herufi za "amani kuu" kwa matumaini kwamba ugomvi utakwisha. Huko walichagua herufi, na sauti ikafuata. Kampuni ya paka mweusi nayo ilianzishwa Tokyo mwaka 1919 ikiwa na malori manne. Tarehe 20 Januari 1976 ilipoanza huduma ya kupeleka vifurushi nyumba kwa nyumba, siku ya kwanza ilipata vifurushi 11. Leo kwa Mjapani wa kawaida neno Yamato humletea kwanza picha ya kijana mwenye sare anayekimbia na kasha kutoka kwenye gari hadi mlangoni. Na wazazi wengi huwapa wavulana wao jina hilo, mara nyingi kwa herufi zilezile mbili. Niliwahi kumuuliza mama mmoja, jirani yangu, kwa nini alimwita mwanawe Yamato. Alichora herufi ya pili hewani kwa kidole, akasema: "Kwa ajili ya hii."

Nimeahidi Mirihi katika kichwa cha uzi, nami sitawadai wasomaji imani. Katika bara la Antaktika iko safu ya milima ambayo Wajapani waliipa jina Yamato. Mwaka 1969 msafara wao wa utafiti uliokota huko vimondo tisa vikiwa vimelala juu ya barafu ya samawati, na walipovichunguza waligundua kwamba ni vya aina mbalimbali, yaani havikuanguka pamoja. Barafu inayosogea ilikuwa imevikusanya kwa muda mrefu na upepo ukavifunua. Tangu hapo wameokota maelfu, na kila kimoja huandikwa Yamato, kisha namba zinazoanza na mwaka kilipopatikana. Kimoja chenye uzito wa kilo 13.7, kilichookotwa mwaka 2000, kilitoka Mirihi. Kwenye orodha za wanasayansi wa dunia nzima kinaitwa Yamato 000593.